Kabla Hujawasha Utambi: Jinsi ya Kuzisoma Sheria za Fataki za Marekani, Kuanzia Jimbo Hadi Uani Kwako

Mwaka wa pili tangu tuhamie Houston, shemeji yangu alikuja kula sikukuu ya Julai 4 nyumbani kwetu. Akiwa njiani kutoka Dallas alisimama kwenye kibanda cha fataki kando ya barabara kuu, vile vibanda vya mabati vyenye bendera pembe zote nne, akanunua boksi zima. Alilipa dola 140, na risiti akaibandika juu ya boksi kama cheti cha ndoa. Ilipofika saa tatu usiku watoto walikuwa wamekaa kibarazani na nguo zao za kulalia, ndoo nyekundu ya maji iko tayari, nami nikauliza kama jambo hili linaruhusiwa.

"Shem, hii ni Texas bwana. Kama si halali, wangeniuziaje mchana kweupe?"

Baada ya robo saa taa za bluu na nyekundu zilikuwa zinazunguka ukutani kwa jirani. Afisa hakufoka. Aliuliza nani amewasha, akaandika karatasi, akachukua boksi lililobaki. Tulipomwonyesha ile risiti alitabasamu tu, akaturudishia.

Kibanda kile kilikuwa halali, na kununua kulikuwa halali. Tatizo lilikuwa pale tuliposimama. Marekani haina sheria moja ya fataki. Kuna ya serikali kuu, kuna ya jimbo, kuna ya kaunti, kuna sheria ndogo za jiji, na chini ya hizo kuna mkataba wako wa pango. Itakayokubana ni ile ya ardhi unayoikanyaga wakati kiberiti kinawaka, hata kama ulinunua maili mbili tu kutoka hapo. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata sasa kila mwaka. Hunichukua kama nusu saa, na simu moja.

Hatua ya kwanza: soma boksi kabla ya kusoma sheria

Serikali kuu haikuambii uwashe wapi. Inachosema ni kitu gani kinaweza kuitwa fataki ya mwananchi wa kawaida. Tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, imeweka mipaka ya baruti: fataki ya ardhini inayolia isizidi miligramu 50 za unga wa mlipuko, na ile inayopaa ikalie angani isizidi miligramu 130. Utambi nao lazima uchukue kati ya sekunde 3 na 9 kabla ya moto kufika kwenye baruti, ili mtu awe na nafasi ya kusogea.

Kwenye katoni tafuta maandishi 1.4G au namba UN0336. Hizo ndizo za watumiaji wa kawaida. Ukiona 1.3G au UN0335, hiyo ni mizigo ya maonyesho makubwa ya angani, na kuimiliki kunahitaji leseni au kibali cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha na milipuko. Mtu akikuletea hiyo kwenye buti ya gari kwa bei ya urafiki, mshukuru, umuage.

Kuna pia zile ambazo hazina jimbo wala kaunti ya kukuokoa: M-80, M-100, "cherry bomb", na ile kubwa inayoitwa robo fimbo. Zimepigwa marufuku nchi nzima tangu miaka ya 1960, na bado huuzwa kichochoroni. Ishara yake ni kukosa karatasi ya rangi. Fataki halali ina jina la mtengenezaji au mwagizaji, neno la tahadhari na maelekezo ya kuwasha. Ukikuta kibomba kimevikwa karatasi ya kaki bila maandishi, usikibebe hata kwenda kukionyesha polisi. Piga simu kwa zimamoto waje wakichukue.

Hatua ya pili: jimbo lako liko kundi gani?

Tafuta kwenye intaneti jina la jimbo pamoja na maneno "fireworks law" na "state fire marshal". Soma ukurasa wa mkuu wa zimamoto wa jimbo. Kurasa za maduka ya fataki ziache: muuzaji atakwambia unachoweza kununua, wala hana haja ya kukwambia utakapoweza kukiwasha.

Majimbo yamegawanyika kwa namna ya kushangaza. Massachusetts iko peke yake: haikubali chochote, hata vile vijiti vya cheche wanavyoshika watoto mkononi. Illinois na Vermont zinawaachia wananchi vijiti vya cheche na vitu vidogo vya mchezo, basi. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki tumejaa, inaruhusu vinavyobaki ardhini: chemchemi za cheche na magurudumu yanayozunguka. Kinachopaa au kulipuka ni marufuku, na kununua lazima uwe na miaka 18 na kitambulisho chenye picha. California ina muhuri wake maalumu wa mkuu wa zimamoto unaosema "Safe and Sane". Fataki isiyo na muhuri huo ni haramu jimbo zima, na iliyo nao ni halali tu katika miji iliyoikubali. Los Angeles na San Diego hazimo.

Halafu kuna majimbo mapana kama Texas, Indiana, Ohio, Pennsylvania, Michigan na Kentucky, ambako hata makombora ya kurushwa kwenye bomba na zile "keki", boksi moja linalofyatua risasi nyingi mfululizo, zinauzwa kwa mtu yeyote aliyetimiza umri. Umri nao haulingani: Texas ni 16, Ohio 18, Maine 21.

Florida nitaisimulia kwa sababu inaonyesha jinsi sheria hizi zilivyo na akili yake. Kwa miaka mingi fataki zinazopaa zilikuwa haramu kwa mwananchi wa kawaida, lakini sheria iliacha mlango mmoja: mkulima aliruhusiwa kuzitumia kufukuza ndege shambani au kwenye mabwawa ya samaki. Basi dukani ukipewa karatasi, unatia saini kwamba unakwenda kufukuza ndege, unaondoka na toroli lako. Jimbo zima likawa la wakulima kila Julai. Mwaka 2020 ndipo ilipopitishwa sheria inayoruhusu waziwazi siku tatu: Julai 4, Desemba 31 na Januari 1. Ohio nayo ilikuwa na mchezo wake: ulinunua, ukatia saini kwamba utazitoa nje ya jimbo ndani ya saa 48, na kila mtu akijua zinakwenda uani. Waliacha Julai 1, 2022. Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kusaini pale kaunta, usiidhanie kuwa ni kibali. Aghalabu ni kiapo, na kiapo hicho ni chako. Duka halimo.

Hatua ya tatu: jiji au kaunti? Hapa ndipo tulipoanguka

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, nami nitakaa hapa kidogo.

Majimbo mengi yanayoruhusu fataki yanayaachia majiji uamuzi wa kukataa. Ohio inataja siku za kuruhusiwa, zikiwemo Mwaka Mpya, Juneteenth (Juni 19, sikukuu ya kukomeshwa utumwa) na Diwali, lakini Columbus ilijitoa. Ndani ya mipaka yake marufuku iko palepale hata siku hizo. Maine iliruhusu fataki mwaka 2012, na Portland, yenye Wakongo wengi, ikakataa. Kentucky inaruhusu vinavyopaa, ila Lexington, ambako Kiswahili utakisikia hadi kwenye foleni ya duka, haitaki chochote kinachoondoka ardhini wala kulipuka. Texas ni vivyo hivyo: Houston, Dallas, San Antonio na Austin zimepiga marufuku, na vibanda vyote unavyoviona viko nje ya mipaka ya jiji. Havikuwekwa pale kwa bahati.

Sasa, mpaka wa jiji uko wapi? Usiutafute kwenye anwani ya barua. Neno "Houston" kwenye bahasha linatoka posta, na posta haichori mipaka ya serikali. Kuna maelfu ya nyumba zenye anwani ya Houston ambazo ziko kwenye eneo la kaunti ya Harris lisilo ndani ya jiji lolote, na huko kanuni ni tofauti kabisa. Kuna vitongoji vingine vyenye jiji lake dogo, na meya wake, na sheria ndogo zake, katikati ya jiji kubwa.

Njia ya uhakika niliyofundishwa ni ya kodi. Kila kaunti ya Texas ina ofisi ya kuthamini mali. Fungua tovuti yake, andika namba ya nyumba na jina la mtaa bila "Street" wala "Drive", ukurasa wa nyumba utafunguka. Shuka chini hadi kwenye orodha ya wanaotoza kodi kwenye kiwanja hicho: kaunti, wilaya ya shule, hospitali, chuo, bandari. Ukiona mstari unaosema "City of Houston", uko jijini na habari imekwisha. Usipouona, uko kwenye kaunti tu. Ukiona jina la jiji jingine, nenda kwa jiji hilo. Kwetu sisi mstari ulikuwepo, wa nane kutoka juu. Ungetuokolea pesa nyingi, maana kwa Houston faini ni kati ya dola 500 na 2,000, na huweza kuhesabiwa kwa kila fataki.

Majimbo mengine nayo yana tovuti za mthamini wa kaunti zenye habari kama hiyo. Ukishindwa, piga 311 kama jiji lako lina namba hiyo, uliza kama nyumba yako iko ndani ya mipaka. Kiingereza kikikupiga chenga, sema neno moja tu: "Swahili". Majiji mengi yana wakalimani wa simu, utasubiri kidogo tu.

Halafu mtego mwingine wa Texas: majiji yenye katiba yake yanaweza kuzuia kero hadi futi 5,000 nje ya mpaka. San Antonio inautumia uwezo huo kwa fataki. Kwa hiyo kuvuka kibao cha "mwisho wa jiji" kwa mita mia mbili hakusaidii kitu.

Kuna na upande wa pili, ambao watu wa mijini hawaujui. Majimbo machache yameyafunga mikono majiji. Indiana inasema jiji haliwezi kuzuia kuanzia Juni 29 hadi Julai 9 katika saa fulani: siku za kawaida kuanzia saa kumi na moja jioni hadi zipite saa mbili tangu jua lizame, na Julai 4 kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita usiku. Michigan vilevile: kuanzia Juni 29 hadi Julai 4 ni lazima jiji likuache hadi saa sita kasorobo usiku, lakini nje ya siku zilizotajwa na jimbo, sheria ndogo ya jiji inaweza kukutoza dola 1,000. Ukiishi huko, jirani anayekupigia kelele saa tatu usiku ya Julai 4 hana hoja. Wewe nawe huna hoja Julai 12.

Hatua ya nne: soma sheria ndogo yenyewe, si kipeperushi

Andika jina la jiji na maneno "code of ordinances", kisha ndani yake tafuta "fireworks". Majiji mengi yamehifadhi sheria zao kwenye maktaba za mtandaoni ambazo hazidai malipo. Ni kurasa mbili tatu hivi. Mimi huzisoma kwa mpangilio huu.

Naanza na fasili. Neno "fireworks" katika jiji moja linajumuisha vijiti vya cheche, katika jiji jingine haliyajui hayo. New York City inavikataza, ilhali kaunti nyingi za jimbo hilohilo la New York zinaviruhusu. Usicheke vijiti hivyo. Huwaka kwa nyuzi za Selsiasi zaidi ya 1,000, na kila mwaka vinapeleka watoto hospitali.

Kisha naangalia vitenzi. "Sell" ni kuuza, "discharge" ni kulipua, "possess" ni kuwa nazo tu. Sheria inayotaja vyote vitatu maana yake hata boksi lililofungwa chini ya kitanda ni kosa. Shemeji alidhani akiacha kuwasha yuko salama.

Mwisho naangalia umbali na saa. Pennsylvania inataka futi 150 kutoka kwenye jengo au gari lolote, liwe lako au la jirani, pamoja na ruhusa ya mwenye ardhi. Futi 150 ni kama mita 46. Toka nje ukapime kwa hatua. Mtaa wa nyumba zilizoshikana wa Philadelphia hauna mita 46 za kumwepuka mtu yeyote, kwa hiyo ruhusa ya jimbo pale ni ya kwenye karatasi. Kentucky ni futi 200 kutoka kwenye jengo, gari au mtu mwingine, kwa vile vinavyopaa. Ohio nayo inasema aliyekunywa asiwashe, wala mwenye chupa mkononi. Kwenye nyama choma ya Julai 4 sentensi hiyo moja huondoa nusu ya mashemeji.

Kanisa, ukumbi na mkataba wa pango

Jumuiya zetu husherehekea zaidi kwenye maegesho ya kanisa kuliko uani. Mkesha wa Mwaka Mpya, saa sita ikigonga, vijana wanatoka na maboksi. Texas inakataza kuwasha fataki ndani ya futi 600 za kanisa, hospitali, shule au kituo cha kulelea watoto kilichosajiliwa, isipokuwa taasisi yenyewe imekupa ruhusa kwa maandishi. Tazama neno hilo: maandishi. Mchungaji kusema "sawa tu wanangu" madhabahuni si ruhusa. Andika barua ya mistari mitatu, yenye tarehe na saa, atie saini na muhuri wa kanisa, ikae mfukoni mwa mtu mzima mmoja. Ukiwa ndani ya jiji linalokataza, barua hiyo haikusaidii. Marufuku ya jiji iko juu yake. Na shule ya jirani ikiwa ndani ya futi 600, inahitajika barua yao pia.

Ukumbini kwenye harusi mambo ni mengine. Zile mashine za cheche baridi wanazowasha bwana na bibi harusi wakiingia huhesabiwa na majiji mengi kama fataki za jukwaani, na zinahitaji kibali cha zimamoto. Mwenye kukodisha mashine akikwambia "ni baridi, hazina shida", muombe namba ya kibali. Wanaosimamia jambo hili hawana utani tangu Februari 2003, moto wa fataki za jukwaani ulipoua watu 100 kwenye klabu moja ya West Warwick, Rhode Island.

Mwisho, mkataba wa pango. Utakuta kifungu kimoja kifupi, kwangu kilikuwa ukurasa wa 17 chini ya mambo ya majiko ya mkaa, kinachokataza fataki popote kwenye kiwanja, balkoni ikiwemo. Jimbo likiruhusu, kaunti ikiruhusu, mwenye nyumba bado anaweza kukutoa. Wenye nyumba zao wasome kanuni za chama cha wakazi. Na bima ya mpangaji isome sehemu ya mambo isiyolipia, kabla paa la jirani halijashika moto.

Siku yenyewe: angalia hali ya hewa

Sheria ya mwezi uliopita inaweza kuwa imebadilika asubuhi ya leo. Texas inaziruhusu kaunti kuzuia roketi za vijiti na makombora yenye mapezi pale ukame unapofikia kiwango cha 575 kwenye kipimo cha idara ya misitu, na amri ya msimu wa Julai hutolewa kabla ya Juni 15. Ukame ukizidi, hakimu wa kaunti anaweza kutangaza hali ya dharura na kufunga zaidi ya hapo. Majimbo ya magharibi hufanya hivyo karibu kila kiangazi. Kwa hiyo asubuhi ya siku, tafuta jina la kaunti na "burn ban", yaani marufuku ya kuwasha moto.

Mbuga za taifa na misitu ya serikali kuu haziruhusu, hata mvua ikinyesha. Septemba 2017 kijana wa miaka 15 alitupa fataki moja kwenye bonde la Eagle Creek, Oregon. Moto ulikula zaidi ya ekari 48,000, na mahakama ikaamuru alipe fidia ya zaidi ya dola milioni 36. Hakimu alimpa mpango wa malipo, maana hata watoto wa watoto wake wasingemaliza.

Kuvuka mipaka, na mizigo ya kwenda nyumbani

Wanaoishi Massachusetts hununua New Hampshire, wa Minnesota hununua Wisconsin. Kwenye mpaka ndipo kosa linapozaliwa upya. Massachusetts inasema wazi kwamba kununua kihalali kwingine hakukupi haki ya kuingiza, na polisi wake hunyang'anya. Juu ya hapo kuna sheria ya serikali kuu inayomfanya mtu anayesafirisha fataki kwenda jimbo anakojua zitatumika kinyume cha sheria kuwa na kosa la serikali kuu, kifungo hadi mwaka mmoja. Haitumiwi sana kwa mtu wa boksi moja, lakini ipo.

Ndege ni rahisi kueleza: hakuna. Si mkobani, si kwenye sanduku la chini, si vijiti vya cheche, wala vile vibomba vya karatasi za sherehe. Posta ya Marekani nayo haipokei. Kila Desemba kuna mtu anayetaka kumpelekea mdogo wake wa Dar "kazawadi ka mwaka mpya". Apeleke viatu.

Ukipewa karatasi

Usibishane barabarani na usikimbie. Toa kitambulisho, chukua nakala, soma tarehe ya mahakama. Karatasi ile si kama ya kuegesha gari vibaya. Texas inaihesabu kuwa kosa la jinai la daraja C, la chini kabisa, lisilo na kifungo, lakini ni la jinai. Kutofika mahakamani ndiko kunakozaa hati ya kukamatwa. Nenda, uombe mkalimani ukimhitaji, uliza kama kuna uwezekano wa kuahirishiwa hukumu kwa masharti ili kesi ifutwe ukitulia kwa miezi kadhaa. Majaji wa mahakama za jiji hulikubali hilo mara nyingi kwa mtu asiye na rekodi.

Halafu tunza kila karatasi. Wengi wetu tuko njiani kuelekea uraia, na fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa au kushikiliwa na afisa yeyote wa sheria. "Kuandikiwa" ni pamoja na karatasi ya fataki. Kosa dogo hivi peke yake si la kumnyima mtu uraia, ila kulificha ni jambo jingine. Ukiwa na kesi yoyote nyingine pembeni, muone wakili wa uhamiaji kabla hujakiri chochote mahakamani.

Kwa wale waliotoka Kivu au Burundi, kuna jambo lisiloandikwa kwenye sheria ndogo yoyote. Mama mmoja wa kanisani kwetu, Julai yake ya kwanza hapa, tulimkuta ndani ya kabati la nguo na wajukuu wawili, amewaziba midomo kwa viganja. Jiji lilikuwa halali kabisa usiku ule, maonyesho ya serikali, kibali kimebandikwa. Sasa kila mwaka kuna mtu wa zamu wa kukaa naye, na wenye fataki za uani kwenye kaunti hutuma ujumbe kwenye kundi la simu tangu mchana, wakitaja saa.

Shemeji alilipa, akaahirishiwa, kesi ikafutwa. Miaka mitatu baadaye aliitwa kwenye mahojiano ya uraia, akaenda na bahasha ya kaki yenye karatasi ile ya afisa, risiti ya mahakama na barua ya kufutwa. Afisa wa uhamiaji alisoma, akainua macho, akamwuliza kama zilikuwa nzuri. Akasema ziliwaka mbili tu.